Barua Aliyoiandika Akechi Mitsuhide

Nilimfikia Akechi Mitsuhide, jemadari wa Kijapani wa karne ya kumi na sita, kwa kumpitia mtu mwingine, na mtu huyo ni Yasuke. Msomaji wa Kiswahili anayepita mitandaoni bila shaka amekwisha kutana na habari za Mwafrika huyu aliyeingia Kyoto mwaka 1581 katika msafara wa Mjesuiti Alessandro Valignano, akamstaajabisha mtawala Oda Nobunaga kiasi cha kuamuriwa avue nguo na kusuguliwa ili ihakikishwe kwamba weusi wake haukuwa rangi ya kupakwa, kisha akachukuliwa katika utumishi na kupewa nyumba na upanga. Samurai mmoja aliyemwona mwaka uliofuata aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa mweusi kama wino na kwamba urefu wake ulizidi mita 1.8. Padri Mfaransa aliyeandika mwaka 1627 alisema mtu huyo alitoka Msumbiji, na neno hilo moja limetosha kuwafanya wengi wa pwani yetu wamhesabu kuwa jirani.

Kilichonishika mimi ni mwisho wa habari zake. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 1582, Nobunaga alipokwisha kuangamia, Yasuke alikwenda alikokuwa mrithi wa Nobunaga, mwanawe Nobutada, akapigana huko kwa muda mrefu, mpaka mtumishi mmoja wa upande wa pili akamsogelea na kumwambia asiogope, atoe upanga. Akautoa. Mtumishi yule akaenda kumuuliza bwana wake afanyweje mtu huyu, na bwana wake akajibu kwamba ni mnyama tu asiyejua lolote, tena si Mjapani, basi asiuawe, apelekwe kanisani kwa mapadri. Kauli hiyo ina dharau waziwazi, lakini ndiyo iliyomwokoa. Aliyeitoa ni Akechi Mitsuhide, jemadari ambaye saa chache kabla alikuwa amemgeuka bwana wake na kumteketeza, na tangu siku niliyoisoma nimekuwa nikimfuata mtu huyu kitabu hadi kitabu.

Mitsuhide alitoka jimbo la Mino, katika ukoo uliojinasibisha na watu wa Toki, mabwana wa zamani wa eneo hilo walioporomoka. Alikaa Echizen chini ya ukoo wa Asakura, kisha akaingia katika utumishi wa Ashikaga Yoshiaki, mtoto wa nyumba ya mashoguni, yaani watawala wa kijeshi wa Japani, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumrudisha Kyoto kwa nguvu za silaha. Mtu huyo akawa Nobunaga, aliyemwingiza Yoshiaki mjini mwaka 1568 na kumfanya shoguni wa kumi na tano. Kwa muda Mitsuhide alikuwa na mabwana wawili. Mwaka 1573 mabwana hao walipokosana na Nobunaga akamfukuza shoguni kutoka Kyoto, Mitsuhide alibaki kwa mshindi. Naomba msomaji alishike hilo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwake kumwacha bwana, na sijaona mahali ambapo mtu wa zama zake alimwita msaliti kwa sababu hiyo.

Kupanda kwake kulikuwa kwa kasi. Mwaka 1571 Nobunaga alipochoma mahekalu ya Enryakuji juu ya mlima Hiei na kuua watawa pamoja na wanawake na watoto waliokuwa huko, Mitsuhide alikuwa miongoni mwa watendaji, na zawadi yake ilikuwa wilaya ya Shiga, ambako alijenga ngome ya Sakamoto ukingoni mwa ziwa Biwa. Kuanzia mwaka 1575 alipigana miaka minne kulitiisha jimbo la milima la Tamba, na alipomaliza alipewa. Mwaka 1581 alikabidhiwa maandalizi ya gwaride kubwa la farasi mbele ya mfalme wa Japani. Zipo pia kanuni za kijeshi zenye jina lake, za mwaka huohuo, ambazo mwishoni mwake anajifananisha na jiwe lililozama ambalo Nobunaga ameliokota na kulikabidhi jeshi kubwa. Wapo wanaozitilia shaka kanuni hizo, nami sishangai, maana kwa kalenda yao zimeandikwa siku ya pili ya mwezi wa sita, yaani mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, kabla jiwe lile halijamwangukia aliyeliokota.

Kwa nini basi? Hili ndilo swali la kila mtu, na Wajapani wamelijibu kwa njia nyingi mno. Nilipomsimulia mjomba wangu kisa hiki barazani, hakunisubiri hata nimalize. Alisema, "Huyo alitukanwa. Mtu mzima hamuui bwana wake bure." Sikuwa na la kumjibu wakati ule, kwa sababu simulizi za Wajapani wenyewe, hasa zile zilizotungwa katika karne zilizofuata, zinasema kama yeye. Zinasema kwamba katika mwezi wa tano wa mwaka 1582 Mitsuhide alipewa kazi ya kumkirimu Tokugawa Ieyasu, mshirika wa Nobunaga, katika ngome ya Azuchi, samaki wakanuka kwa joto, Nobunaga akamwaibisha na kumvua kazi hiyo. Zinasema kwamba alimpiga kichwani mbele ya watu. Zinasema kwamba wakati wa vita vya Tamba, Mitsuhide alimtoa mama yake mzazi awe rehani kwa ndugu wa Hatano ili wajisalimishe, Nobunaga akawaua ndugu hao mwaka 1579, na watu wao wakalipiza kisasi kwa mama.

Habari ya mama ni ya kutunga, haina ushahidi wa wakati wake. Ya samaki nayo ni hivyohivyo, ingawa ni kweli kwamba alimkirimu Ieyasu na kwamba aliondolewa katikati ya shughuli ili aende vitani. Iliyo karibu zaidi na tukio ni ya padri Luis Frois, aliyeandika kwamba yasemekana Nobunaga alimpiga Mitsuhide teke, mara moja au mbili, wakiwa faraghani. Lakini Frois mwenyewe alikuwa Kyushu, mbali na Kyoto, na hakumpenda Mitsuhide hata kidogo. Ndiye aliyeandika kwamba jemadari huyu alikuwa hodari wa ngome na mkali wa adhabu, na kwamba alijigamba kwa rafiki zake kuwa amejifunza njia 72 za kuwadanganya watu. Nitairudia hesabu hiyo ya 72.

Nadhani tunapenda maelezo ya tusi kwa sababu tusi tunalielewa. Teke moja linamfanya msaliti awe mtu kama sisi, mwenye kuumia na kuweka kinyongo. Hati zilizobaki, hata hivyo, hazina harufu ya kinyongo. Zinaonyesha mtu aliyekuwa akipoteza nafasi yake huku mlango wa kuikomboa ukiwa wazi kwa siku chache tu.

Tuanze na nafasi. Kwa miaka kadhaa Mitsuhide ndiye aliyekuwa kiungo kati ya Nobunaga na Chosokabe Motochika, mtawala aliyekuwa akikiteka kisiwa cha Shikoku, na jemadari wake mkuu, Saito Toshimitsu, alikuwa na udugu wa ndoa na nyumba hiyo. Nobunaga, aliyekuwa ameridhia Motochika ajitwalie kadiri awezavyo, akabadili neno na kumtaka arudishe sehemu kubwa ya alichoteka, kisha akaandaa jeshi la kuivamia Shikoku chini ya mwanawe Nobutaka. Mwaka 2014 zilitangazwa barua za ukoo wa Ishigai, ambazo zinamwonyesha Motochika siku chache kabla ya mauaji akiwa tayari kukubali masharti. Alichelewa. Meli za Nobutaka zilipangiwa kung'oa nanga siku ileile Nobunaga aliyokufa, na kama zingeondoka, neno la Mitsuhide na miaka yake ya usuluhishi vingezama nazo. Hapo palikuwa na sababu nzito kuliko teke.

Kuna pia hofu ya kutupwa. Mwaka 1580 Nobunaga alimfukuza Sakuma Nobumori, mtumishi wa miaka 30, kwa barua ya vifungu 19 iliyomsimanga kwa uzembe, na katika barua hiyohiyo akamsifu Mitsuhide kwa kazi aliyoifanya Tamba. Wengi huitaja sifa hiyo kama ushahidi kwamba wawili hao walipatana. Mimi nikiisoma namwona Mitsuhide akiisoma, akiliona jina lake likitumika kama fimbo ya kumchapia mzee mwenzake, na nashindwa kuamini kwamba alilala vizuri usiku ule.

Halafu mlango. Katika wiki hizo majemadari wote wakubwa wa Nobunaga walikuwa mbali. Shibata Katsuie alikuwa kaskazini akipambana na Uesugi, Takigawa Kazumasu alikuwa mashariki ya mbali katika nchi iliyotekwa mwaka huohuo kutoka kwa Takeda, na Hashiba Hideyoshi alikuwa magharibi, Bitchu, ameizingira ngome ya Takamatsu kwa kujenga tuta na kuielekezea maji ya mto mpaka ikawa kisiwa. Ieyasu alikuwa akitembea mji wa Sakai na watu wachache. Nobunaga akaingia Kyoto na wahudumu wake, akalala katika hekalu la Honnoji, na mwanawe Nobutada katika hekalu jingine mjini humo. Jeshi pekee kubwa lililokuwa karibu lilikuwa la Mitsuhide, aliyeamriwa aende kumsaidia Hideyoshi. Sisi tungesema kikulacho ki nguoni mwako, lakini methali hiyo inasema juu ya kitu kilichojificha, na hapa hakukuwa na kilichojificha. Nobunaga alikuwa amekwisha kugeukwa na shemeji yake Azai Nagamasa mwaka 1570, na Matsunaga Hisahide mwaka 1577, na Araki Murashige mwaka 1578. Alijua watu hugeuka. Alilala tu.

Jioni ya tarehe 20 Juni askari wapatao 13,000 walitoka Kameyama, ngome ya Mitsuhide iliyo kiasi cha kilomita 20 kutoka Kyoto. Kwenye kipito cha Oi njia ya kwenda magharibi na ile ya kuteremkia mji mkuu ziliachana, nao wakaushika mteremko wa mji. Kitabu kimoja cha baadaye kinasimulia amri zilizotolewa walipofika mto Katsura: viatu vya majani vya farasi vikatwe na kutupwa, waendao kwa miguu wavae kandambili mpya za majani, na wenye bunduki wakate tambi za kuwashia baruti za urefu wa sentimita 45 hivi, waziwashe ncha zake na kuzishika zikielekea chini. Maneno mashuhuri yanayowekwa kinywani mwa Mitsuhide mahali hapo, kwamba adui yuko Honnoji, yalitungwa baadaye. Kwa kweli inaonekana hakuwaambia watu wake chochote.

Najua hivyo kutokana na mzee mmoja aitwaye Honjo Soemon, aliyekuwa askari wa kawaida katika usiku ule na ambaye uzeeni aliacha kumbukumbu fupi. Anakiri kwamba hata ndotoni hawakufikiri wanakwenda kumuua Nobunaga. Kwa kuwa Ieyasu alikuwa amekuja kutembelea upande ule, walidhani ndiye wanayemwendea, na jina la Honnoji lenyewe hawakulijua. Aliwafuata wapanda farasi wawili, akaingia, akakata kichwa cha mlinzi. Ndani akakuta chumba kikubwa kisicho na mtu hata mmoja, vyandarua tu vimetundikwa. Kutoka upande wa jikoni wakamkamata mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, nywele zikiwa zimefunguka, naye akawaambia, "Bwana mkubwa amevaa nguo nyeupe." Honjo anasema hawakujua kwamba bwana mkubwa ni Nobunaga.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko kurasa zote za kisa hiki. Tukio lililoigeuza historia ya Japani, kwa mtu aliyekuwa ndani yake, lilikuwa vyandarua vinavyoning'inia.

Upande wa pili wa ukuta tunaujua kupitia kumbukumbu za Ota Gyuichi, mtumishi wa zamani wa Nobunaga. Anasema Nobunaga alidhani kelele zile ni ugomvi wa watu wa chini, mpaka milio ya bunduki ikasikika. Akauliza kama ni uasi, na wa nani. Kijana wake Mori Ranmaru akajibu kwamba yaonekana ni watu wa Akechi. Nobunaga akasema neno fupi ambalo ni kama kusema hakuna la kufanya. Alipigana kwa upinde hadi kamba ikakatika, akachukua mkuki, akajeruhiwa kiwiko, akawaamuru wanawake watoke, kisha akaingia ndani zaidi huku moto ukishika jengo. Maiti yake haikuonekana. Nobutada naye alizingirwa katika jumba la Nijo akajiua.

Hapa ndipo swali langu linapoachana na la mjomba. Yeye anauliza kwa nini. Mimi nauliza: halafu? Mtu aliyemuua mtawala wa nusu ya Japani kabla ya jua kuwa kali alikuwa amepanga nini kwa ajili ya adhuhuri? Aliwawinda mabaki ya nyumba ya Oda, akataka kwenda Azuchi, lakini mlinzi wa daraja la Seta akalichoma daraja na kumchelewesha kwa siku kadhaa. Alipofika akagawa hazina ya Nobunaga. Akapeleka fedha kwa mfalme na kwa mahekalu. Akaandika barua kila upande, hata kwa wale wa magharibi waliokuwa wakimhifadhi shoguni wa zamani, Yoshiaki, ambaye jina lake alianza kulitumia baada ya tukio. Na kila upande watu wakatulia kimya wakingoja kuona nani atashinda.

Kichwa cha Nobunaga hakikuwapo, na hilo lilimgharimu Mitsuhide. Hideyoshi alipata habari za mauaji ndani ya siku mbili hivi, akafanya amani na ukoo wa Mori, adui aliokuwa akipigana nao huko magharibi, bila kuwaambia kilichotokea, akamtazama kamanda wa Takamatsu akijipasua tumbo ndani ya mashua kama sharti la amani hiyo, kisha akageuza jeshi lake na kulikimbiza kuelekea Kyoto, umbali wa kilomita 200 hivi. Akiwa njiani alimwandikia Nakagawa Kiyohide, bwana mdogo ambaye ardhi yake ilikuwa kwenye njia hiyo, kwamba Nobunaga na mwanawe wametoka salama katika hatari. Ulikuwa uongo mtupu, na Nakagawa siku chache baadaye alikuwa mstari wa mbele wa Hideyoshi. Ndiyo maana nasema hesabu ya Frois inanichekesha: mwenye njia 72 za kudanganya hakuitumia hata moja pale ilipohitajika, na aliyedanganya kwa barua moja ndiye aliyekuja kuitawala Japani.

Sasa weka barua hiyo kando ya ile ya Mitsuhide ya tarehe 28 Juni. Aliiandika kwa Hosokawa Fujitaka, rafiki yake wa tangu enzi za Yoshiaki, mshairi na mwanajeshi, ambaye mwanawe Tadaoki alikuwa amemwoa Tama, binti wa Mitsuhide. Kama kulikuwa na nyumba moja ambayo angeitegemea, ni hiyo. Hosokawa, baba na mwana, waliposikia habari walikata mashungi ya nywele zao kumwombolezea Nobunaga, na Tama akapelekwa kufichwa milimani.

Barua ina vifungu vitatu. Katika cha kwanza anasema kwamba aliposikia wamekata nywele alikasirika, lakini alipofikiri aliona ni jambo linaloeleweka. Hata hivyo, anaomba wamletee walau watumishi wao wakubwa. Katika cha pili anasema alikuwa amewawekea jimbo la Settsu, na kama wanalitaka la Wakasa, basi litakuwa lao. Katika cha tatu analiita lile alilolitenda "jambo lisilotarajiwa", anasema alilitenda kwa ajili ya kumwinua Tadaoki na si kwa lingine, kwamba ndani ya siku 50 au 100 atakuwa ameituliza nchi ya kandokando, na kisha atawakabidhi vijana, mwanawe pamoja na Tadaoki, naye ajitenge na mambo.

Hiyo si lugha ya mtu aliyefukuzia dola kwa miaka, wala ya aliyemlipizia mama yake. Ni lugha ya baba mkwe anayewabembeleza jamaa zake wasimwache peke yake, huku akiwapa mikoa kama mtu anayegawa vitu vya nyumba inayoungua. Siku 100 ndizo alizoziomba. Alikuwa amebakiwa na nne.

Tarehe 2 Julai majeshi yalikutana Yamazaki, mahali panapobanwa kati ya mlima na mto, na watu wa Hideyoshi walikuwa wengi kuliko wake kwa mbali. Jioni hiyohiyo Mitsuhide alikuwa akikimbilia Sakamoto na wachache waliosalia. Katika kichaka cha Ogurusu, kusini-mashariki ya Kyoto, alichomwa mkuki na wanavijiji waliokuwa wakiwawinda wakimbizi wa vita ili wawavue silaha na mavazi. Kichwa chake kiliwekwa Honnoji kwenye majivu. Wajapani wana msemo wa "utawala wa siku tatu" unaotokana naye, ingawa zilikuwa siku 11.

Saito Toshimitsu alikamatwa na kuuawa, lakini binti yake mdogo akaja kuwa mlezi na mnyonyeshaji wa Tokugawa Iemitsu, shoguni wa tatu wa nyumba ya Ieyasu, na mwanamke mwenye nguvu kuliko wote katika ngome ya Edo. Tama alirudishwa na mumewe baada ya miaka miwili hivi, akabatizwa mwaka 1587 kwa jina la Gracia, akafa mwaka 1600 kwa kukataa kutekwa rehani. Huko Tamba, katika mji wa Fukuchiyama, kuna hekalu la Goryo ambamo Mitsuhide huheshimiwa kama mlinzi wa mji, kwa kuwa wenyeji wanamkumbuka kwa kuwasamehe kodi.

Barua ile nayo haikuchomwa. Hosokawa Fujitaka hakuijibu kwa vitendo, hakutuma mtu, hakuchukua Settsu wala Wakasa, lakini karatasi aliihifadhi. Ukoo wake ulipita salama chini ya Hideyoshi na chini ya Ieyasu, ukatawala Kumamoto kwa zaidi ya miaka 200, ukatoa waziri mkuu wa Japani mwaka 1993, na muda wote huo barua ya ombi la rafiki yao ilikuwa sandukuni kwao. Ipo hadi leo Tokyo, katika mkusanyiko wa urithi wa nyumba ya Hosokawa, vifungu vyake vitatu vikisomeka.